Mkono Uliotulia: Kitulizaji cha Kamera cha Kujitengenezea Nyumbani

Kumbukumbu za familia zetu za mwambao hazikai tena katika albamu za karatasi. Zimehamia ndani ya simu. Nikaha ya kaka, mahafali ya madrasa, kupambwa kwa bibi harusi, nyanya akieleza namna Idi ilivyosherehekewa zama za utoto wake: yote hayo hunaswa kwa video na yeyote aliyekuwa karibu. Lakini mtu aketipo baada ya mwaka mmoja kuzitazama, mara nyingi huona picha inayoruka kama mashua katika mawimbi ya kusi. Nyuso zinapita mbio, mapazia yanapanda na kushuka, macho yanachoka, na video huzimwa kabla haijafika nusu.

Hasara hiyo si ndogo. Bibi harusi hapambwi mara ya pili kwa ajili ya kamera, wala mzee aliyekwisha kutangulia mbele ya haki hawezi kuombwa airudie hadithi yake. Kilichoharibika siku ile kimeharibika moja kwa moja.

Jambo hili huwagusa akina mama zaidi. Wapiga picha wenye vyombo vya kazi wengi wao ni wanaume, na katika shughuli za wanawake mlango hufungwa kwao, na ndivyo ipasavyo. Basi kumbukumbu ya usiku ule hubaki mikononi mwa mpwa aliyeshika simu kwa mkono mmoja na sahani ya sambusa kwa mkono wa pili. Familia hujikuta kati ya mambo mawili: ama imruhusu mwanamume mgeni aingie mahali ambapo wanawake wamevua mabuibui yao, ama iridhike na picha zisizotazamika.

Makala haya yanapendekeza njia ya tatu. Binti wa nyumba hiyo hiyo anaweza kupiga video iliyotulia kwa simu aliyo nayo, akisaidiwa na chombo kilichoundwa kwa vipande vya paipu za maji. Chombo hicho tutakiita kitulizaji. Utulivu wa picha hautokani na bei ya kamera. Unatokana na namna uzito ulivyopangwa, na namna mkono unavyoshika.

KWA NINI PICHA HUTIKISIKA

Mkono wa mwanadamu hautulii kamwe. Pumzi hupanda na kushuka, moyo hupiga, misuli hushikamana na kuachana, na kila hatua ya mguu hupeleka kishindo kidogo hadi kwenye vidole. Macho yetu wenyewe hayaoni mtikisiko huo kwa sababu ubongo huusahihisha papo hapo. Kamera haina ubongo huo. Hurekodi kila kishindo kama kilivyo.

Mitikisiko yenyewe ni ya namna mbili. Upo ule wa kuhama, yaani kamera nzima kupanda, kushuka au kusogea kando. Na upo ule wa kugeuka, yaani kamera kuinamia mbele na nyuma, kulalia ubavu, au kuzunguka kushoto na kulia. Huu wa pili ndio unaoharibu zaidi. Kamera ikihama kwa sentimita moja, mtu aliye umbali wa mita tano haonekani kuwa amesogea sana. Lakini kamera ikigeuka kidogo tu, ukumbi mzima huruka ndani ya picha. Kwa hiyo chombo chochote cha kutuliza kamera kina kazi moja kubwa: kuizuia isigeuke bila ya idhini ya mwenye kuishika.

Simu za kisasa, kwa kuwa ni nyepesi mno, ndizo zinazogeuka kwa wepesi kuliko kamera za zamani. Simu nyingi huwa na uzito wa gramu 200 hivi, na kitu chepesi hutii kila mtetemo wa kidole. Ni kweli kwamba nyingi zina programu ya kutuliza picha. Programu hiyo hukata kingo za picha na kuitumia nafasi iliyobaki kusahihisha mtikisiko, na mchana penye jua hufanya kazi nzuri. Usiku ukumbini, penye taa hafifu za rangi, kila picha huhitaji muda mrefu zaidi kupokea mwanga, na katika muda huo simu huwa imekwisha kutikisika. Programu huweza kuirudisha picha mahali pake, lakini haiwezi kuuondoa ukungu uliokwisha kuingia ndani yake. Ndiyo sababu utulivu wa chombo chenyewe ungali unahitajika.

MZEGA, NGALAWA NA CHETEZO

Elimu ya kutuliza vitu si ngeni kwetu. Wazee wetu waliijua kwa vitendo.

Mtazame hamali aliyebeba mzega: mti mmoja begani, na mzigo katika kila ncha. Akiyumba kidogo, mti haupinduki ghafla, kwa kuwa uzito umewekwa mbali na bega. Itazame na ngalawa, ambayo mwili wake ni mwembamba kama gogo, lakini ikiisha kutiwa matengo pande zote mbili hustahimili mawimbi ambayo yangeupindua mtumbwi mtupu. Na jahazi lisilo na shehena hutiwa farumi chini, mawe au mchanga, ili lisimame wima.

Katika mifano hiyo mitatu mna kanuni mbili. Ya kwanza ni kuutandaza uzito. Kitu ambacho uzito wake uko mbali na kitovu chake ni kigumu kugeuzwa, na ugumu huo huongezeka haraka: ukiuweka uzito ule ule mbali mara mbili, ugumu wa kugeuka huwa mara nne. Ya pili ni kuuteremsha uzito. Kitovu cha uzito kikiwa chini kidogo ya mahali kinaposhikwa, chombo hujirudia chenyewe kikawa wima. Tumesema chini kidogo, na neno hilo lina maana yake, kama tutakavyoona.

Kanuni ya tatu inapatikana katika chetezo. Katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London kipo chetezo cha shaba chenye umbo la tufe, kilichonakshiwa kwa fedha na kutengenezewa Amiri Badr al-Din Baysari huko Damascus baina ya mwaka 1277 na 1279. Ndani ya tufe hilo kuna bakuli dogo la makaa lililotungikwa katika pete zilizo ndani ya pete. Tufe likigeuzwa huku na huko, pete huzunguka na bakuli hubaki limekaa sawasawa, makaa na udi visimwagike. Dira za majahazi nazo hutungikwa vivyo hivyo. Maana yake ni kwamba mkono ukitenganishwa na kitu kwa kiungo kinachozunguka kwa wepesi, mgeuko wa mkono haukifikii kitu hicho.

Kutandaza uzito, kuuteremsha kidogo, na kuutenga mkono: hayo matatu ndiyo kitulizaji kizima.

TOKA PHILADELPHIA HADI DUKA LA VIFAA VYA UJENZI

Katika filamu, kanuni hizi zilikusanywa na Mmarekani Garrett Brown, wa mji wa Philadelphia, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla yake, mpiga filamu aliyetaka kumfuata mtu anayetembea alilazimika kutandika reli chini na kuisukuma kamera juu ya kigari, ama aibebe begani na kuukubali mtikisiko. Brown aliunda chombo kilichoitwa Steadicam: fulana ngumu ya kuvaliwa, mkono wenye springi unaomeza vishindo vya hatua, na mti wenye kamera juu na uzito chini, ukishikwa kwenye kiungo cha pete. Chombo hicho kilitumika katika filamu ya Bound for Glory ya mwaka 1976. Humo kamera inateremka kutoka juu kwa winchi, kisha mpiga picha anashuka na kutembea katikati ya umati wa watu bila ya picha kukatika wala kuruka. Watazamaji walikuwa hawajapata kuona kitu cha namna hiyo.

Chombo cha Brown kilikuwa cha matajiri wa filamu. Miaka mingi baadaye Johnny Chung Lee, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, alieneza maelezo ya kitulizaji cha vipande vitatu vya paipu ya chuma, kiungo kimoja na uzito wa mazoezi, kwa gharama ya dola 14 tu. Hakina fulana wala springi, lakini kinaitii kanuni ya kutandaza uzito. Watu wa nchi nyingi wamekiiga na kukibadilisha kulingana na vitu vinavyopatikana kwao. Hiki tutakachokieleza ni cha ukoo huo huo, kimepunguzwa urefu na kupimwa kwa ajili ya simu.

NJIA YA KWANZA: UZI NA BOLTI

Asiyetaka kukata paipu aanze na hii, ambayo gharama yake ni ndogo.

Nunua kishikio cha simu, kile cha plastiki kinachoibana simu pande mbili na chenye tundu la hesi upande wa chini. Tundu hilo ni la robo inchi, lenye meno 20 kwa kila inchi, na ndilo linalotumika katika kamera nyingi duniani. Tafuta bolti fupi inayoingia humo. Angalia usipewe bolti ya milimita 6: kwa macho hufanana na ya robo inchi, lakini meno yake hayalingani, na ukiilazimisha italikwangua tundu.

Funga kwenye bolti hiyo uzi imara, mfano wa ule wa kuvulia samaki, wenye urefu wa kutoka kifuani hadi chini na ziada kidogo. Mwishoni fanya kitanzi. Kanyaga kitanzi kwa kiatu, inua simu mpaka uzi ukazike, kisha endelea kuuvuta juu kwa nguvu ndogo isiyobadilika. Mvuto huo huizuia simu isipande wala kucheza. Miguu ukiitanua na viwiko ukivibana kwenye mbavu, picha itatulia kwa kiasi cha kushangaza.

Njia hii yamfaa anayesimama mahali pamoja: kumrekodi nyanya akisimulia, mtoto akisoma mbele ya mwalimu, au mama akieleza mapishi. Anayetaka kutembea hana budi kwenda kwenye njia ya pili.

NJIA YA PILI: KITULIZAJI CHA PAIPU

Vifaa vyote hupatikana katika duka la vifaa vya ujenzi, na vingine kwenye mabaki ya fundi wa mifereji:

– vipande 3 vya paipu ya chuma ya nusu inchi, kila kimoja chenye urefu wa sentimita 20, vikatwe hesi ncha zote mbili;
– kiungo 1 cha tii cha nusu inchi;
– vifuniko 3 vya nusu inchi;
– mabamba 4 ya chuma, mraba wa sentimita 10 kwa 10, unene wa milimita 3, kila moja likiwa na tundu katikati (bamba la kipimo hicho lina uzito wa karibu robo kilo);
– bolti 2 za robo inchi: moja yenye urefu wa robo tatu ya inchi, ya pili inchi moja na nusu, pamoja na nati na washa zake;
– washa pana 10 hivi za ziada;
– kishikio cha simu kama tulivyokieleza;
– kipande cha paipu ya plastiki cha sentimita 14, kilicho kipana kidogo kuliko paipu ya chuma, ili kiingie bila kubana na kizunguke kwa wepesi.

Kazi ya kukata, kutia hesi na kutoboa mwachie fundi, kwani ana jiliwa na keekee, na kwake ni kazi ya muda mfupi. Mwombe atoboe tundu la robo inchi katikati ya vifuniko viwili. Cha tatu kibaki kizima. Kingo zote za mabamba zisuguliwe kwa tupa na msasa, na pembe zake zipunguzwe. Chuma kibichi hukata kidole, na chombo hiki kitapita karibu na nguo za hariri na nyuso za watoto.

Kuunganisha ni kama ifuatavyo.

Kwanza, funga vipande viwili vya paipu kwenye tundu mbili za tii zinazotazamana, vipate kusimama mstari mmoja, kimoja juu na kimoja chini. Kipande cha tatu kifungwe kwenye tundu la ubavuni. Hicho ndicho mpini.

Pili, pitisha bolti fupi katika kifuniko kimoja kutoka ndani kwenda nje. Juu yake weka bamba moja, washa na nati, ukaze kwa spana. Ncha ya bolti itokeze kwa milimita 5 au 6 tu. Sokomeza kishikio cha simu kwenye ncha hiyo, kisha funga kifuniko chote kwenye paipu ya juu.

Tatu, pitisha bolti ndefu katika kifuniko cha pili kwa namna hiyo hiyo, weka mabamba mawili, ukaze, na ukifunge kwenye paipu ya chini.

Nne, vika ile paipu ya plastiki juu ya mpini, kisha ziba ncha kwa kifuniko kizima ili isichomoke. Hapa ndipo ile hekima ya chetezo inapoingia: mkono utashika plastiki, na chuma kitazunguka ndani yake bila ya kuusikia mkono.

Bamba moja limewekwa juu kwa makusudi, ingawa wengine hudhani uzito ni wa chini peke yake. Simu pekee ni nyepesi mno kuwa mzigo wa ncha ya pili ya mzega. Bila ya bamba hilo chombo huwa na kichwa chepesi na mkia mzito, na hubembea kama pendulamu.

KUPIMA MIZANI

Sehemu hii ndiyo roho ya kazi, na inataka saburi. Weka simu mahali pake, ikiwa imelala kwa upana. Shika plastiki ya mpini, mpini ukiwa umelala sawa na sakafu. Kwa mkono wa pili kigeuze chombo mpaka simu na mabamba ya chini viwe vimelala, kisha kiachie.

Kikirudi wima kwa kasi na kupita mpaka upande wa pili, chini kumezidi. Punguza washa, au bamba zima. Kisiporudi, au kikipinduka simu ikawa chini, chini kumepungua: ongeza bamba la nne, kisha washa mojamoja. Kwa simu ya kawaida, tarajia mabamba matatu chini pamoja na washa chache. Kipimo kizuri ni pale chombo kinaporejea polepole, kwa muda wa kuhesabu moja, mbili, tatu, na kikasimama.

Hapo ndipo ilipo maana ya lile neno chini kidogo. Uzito wa chini ukizidi sana, kila ukianza kutembea chombo hubaki nyuma, na kila ukisimama hukutangulia, kama taa ya kuning'inia ndani ya basi. Ukiwa kiasi, chombo hukumbuka wima wake lakini hakisumbuliwi na mwendo wako.

Jaribio la mwisho ni la macho. Tembea ukumbini mwa nyumba kwa simu mtupu mkononi, ukilenga fremu ya mlango. Kisha rudia njia ile ile kwa kitulizaji. Zitazame video mbili mfululizo. Tofauti haitahitaji maelezo.

MKONO NA MGUU

Kitulizaji kilichokamilika kina uzito wa kilo 2 na ushei. Mkono utachoka, hasa wiki za mwanzo. Anza kwa dakika mbili, pumzika, na uongeze siku hadi siku.

Mkono wa nguvu ushike mpini kwa vidole vilivyolegea, kiwiko kikiwa karibu na mbavu. Mkono wa pili uguse paipu ya juu, chini kidogo ya bamba, kwa ncha za vidole viwili. Kazi ya vidole hivyo ni kuelekeza, si kubana. Mwenye kubana hukirudishia chombo mitetemo yote aliyotaka kukiepusha nayo.

Kitulizaji huzuia kugeuka. Hakiwezi kuzuia kupanda na kushuka kwa mwili mzima, kwa kuwa hakina ule mkono wa springi. Kazi hiyo hufanywa na miguu. Kunja magoti kidogo, tanguliza kisigino, viringisha wayo mpaka vidoleni, na hatua ziwe fupi. Ni mwendo wa mwanamke aliyebeba ndoo ya maji kichwani asiyetaka tone lianguke. Mikono ya buibui ibanwe kwa pini isinase kwenye mabamba, na pindo liinuliwe lisikanyagwe. Mwenda pole hajikwai, na katika kazi hii mwenda pole ndiye pia mwenye picha nzuri.

Usitembee bila ya sababu. Simama utulie sekunde kumi kabla ya kusogea, na utulie tena ukifika. Katika zefe la Maulidi mjini Lamu, mwezi wa Mfungo Sita, vichochoro ni vyembamba na watu wanasukumana. Anayetembea nyuma ya watoto wa madrasa kwa hatua zilizopimwa ataleta nyumbani zefe lote, na anayekimbia huku na huko ataleta migongo ya watu.

AMANA YA PICHA

Chombo kikiwa tayari na mkono ukiwa umezoea, husalia swali zito kuliko yote. Mtu anayeingia na kamera katika chumba cha wanawake amebeba amana. Waliomo wamevaa na kujipamba kwa ajili ya wenzao, si kwa ajili ya macho ya mji. Video iliyotulia huonyesha nyuso kwa uwazi zaidi, hivyo amana nayo huzidi.

Basi kabla ya shughuli, mama wa harusi na mpiga picha wakubaliane: nani atarekodiwa, wapi kamera haitaingia, na video itakabidhiwa kwa nani. Wageni watangaziwe mapema, na asiyetaka atengewe upande ambao kamera haitaugeukia. Bibi harusi mwenyewe aulizwe, asikilizwe. Akisema hapana, kitulizaji kibaki kabatini.

Wakati wa kurekodi, simu iwekwe katika hali ya ndege. Kufanya hivyo huizuia simu isipigwe na kuikatiza video, na pia huizuia programu zisizipeleke picha kwenye hifadhi za intaneti. Huduma ya kunakili picha kiotomatiki izimwe kabisa kabla ya hali ya ndege kuondolewa. Shughuli ikiisha, video zihamishiwe kwenye kadi au diski ndogo, wenye harusi wakabidhiwe, na nakala iliyo ndani ya simu ifutwe mbele yao, pamoja na ile inayobaki katika folda ya vilivyofutwa. Kipande kimoja kilichotumwa kwa shoga mmoja kwa nia njema huweza kuuzunguka mji mzima kabla ya alfajiri, na hakuna anayeweza kukirudisha.

Binti anayeifuata adabu hii hupata kitu kisichouzwa dukani, nacho ni kuaminiwa. Tunaona humo pia mlango wa riziki. Shughuli za wanawake katika miji yetu ni nyingi, na familia zinazotafuta mpiga picha mwanamke ni nyingi kuliko wapiga picha wenyewe. Anayeanza na paipu za nusu inchi, akazoeza mkono wake katika harusi za jamaa, akapatana malipo waziwazi kabla ya kazi, anaweza baadaye kununua kamera bora na hata kitulizaji cha umeme. Kile cha umeme hufanya kwa mota na betri kazi ambayo huyu ameifanya kwa chuma na saburi, na aliyejifunza kwa chuma hubaki na mkono unaojua kazi hata betri inapokwisha.

Shughuli ya familia ijayo huenda iko wiki chache mbele. Muda huo unatosha kumpelekea fundi vipimo, kupima mizani jioni mbili tatu, na kufanya mazoezi ukumbini. Na kabla ya harusi yoyote, tungependa kila nyumba ianze na mzee wake. Mketishe penye mwanga wa dirisha, muulize alikozaliwa na aliolewa vipi, na umwache aseme kwa raha yake huku picha ikiwa imetulia. Inshaallah wajukuu ambao hawajazaliwa watamwona uso wake vizuri, na watamsikiliza mpaka mwisho.